Kujaza jakuzi kwa maji ya kisima cha matumbawe

SWALI: Asalaam alaikum mtaalamu. Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, Unguja, yenye jakuzi ya akriliki ya lita 1,200. Naijaza kwa maji ya kisima, maangavu na hayana harufu. Lakini hita imeshika ukoko mweupe, jeti mbili zimeziba, na baada ya siku chache maji huwa kama yametiwa maziwa. Nimepima maji ya kisima: ugumu 450, alkalini 300, jumla ya chumvi 1,400, zote kwa miligramu kwa lita, pH ni 7.4. Nihamie maji ya boza? Nitumie ya mvua, kwani nina tangi la lita 5,000 linalokinga maji ya bati? Au ninunue mashine ya kulainisha maji?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Umefanya vyema kupima kabla ya kununua, maana vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua.

Kisima chako kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakipita udongoni huchukua kabonidayoksaidi, huwa na uasidi hafifu, kisha huyeyusha chokaa kadiri yanavyoshuka. Chokaa iliyoyeyuka haina rangi wala harufu, ndiyo maana maji yako yanaonekana safi. Kwenye jakuzi mambo hugeuka kinyume. Mapovu ya jeti hufukuza kabonidayoksaidi, pH hupanda (yaani uasidi hupungua), na chokaa, tofauti na sukari au chumvi ya mezani, huyeyuka kidogo zaidi maji yanapopata moto. Hujitenga na kuganda palipo na joto kali kuliko kwingine, yaani kwenye hita. Kwa hiyo pH 7.4 ya kisimani isikupe faraja. Ipime tena jeti zikishafanya kazi saa moja, utaona imepanda.

Mashine ya kulainisha usinunue. Inatoa kalisiamu na kuweka sodiamu mahali pake, lakini alkalini, yaani uwezo wa maji kupinga asidi, inabaki 300, na pH itaendelea kupanda. Chumvi nayo haipungui, wakati kwenye visima vya pwani sehemu ya chumvi hutoka baharini, na kloraidi yake hula hata chuma cha pua cha hita.

Boza, muulize dereva anachota wapi. Maji ya bomba ya Unguja nayo hutoka ardhini, hivyo unaweza kulipia maji yaleyale uliyonayo. Pima ndoo moja kabla hajamimina.

Maji ya mvua ndiyo mkombozi wako, ila si peke yake. Ugumu na alkalini yake ni karibu sifuri, kwa hiyo pH huyumba kwa dawa kidogo tu, vyuma huliwa, na povu hujaa mtu akiingia na mafuta mwilini. Yachanganye: lita 800 za mvua kwa lita 400 za kisima. Theluthi moja ya kisima itakupa ugumu wa kama 150, alkalini 100, na chumvi chini ya 500. Kwa jakuzi tunataka ugumu wa 150 hadi 250 na alkalini ya 80 hadi 120, kwa hiyo unaingia mle mle bila kununua dawa ya kurekebisha. Tangi lako likijaa wakati wa masika linatosha kujaza mara sita. Mvua ya kwanza iache ioshe bati na gata kabla hujaelekeza maji tangini, na usikinge kwenye paa la makuti, maana maji yake hutoka na rangi ya kahawia.

Kuna jambo wengi hulisahau: maji yakipungua kwa mvuke, chumvi na chokaa vinabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila siku, mwisho wa mwezi umerudi ulikotoka. Jazia kwa ya mvua tu.

Kabla ya yote, chota maji ya kisima kwenye ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, uyaache usiku kucha. Yakigeuka kahawia au meusi, yana chuma au manganizi. Hapo zile lita 400 zitie klorini kwenye pipa la pembeni kwanza, uchafu utuame, kisha uchote ya juu kwa kuyachuja.

Wakati wa kujaza, ingiza mpira kwenye tundu la chujio ili hewa isikwame kwenye pampu. Zungusha nusu saa, kisha pima. Anza na alkalini, fuata pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, klorini iwe ya mwisho. Alkalini ikipungua, gramu 20 za bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, zitaipandisha kwa takriban 10 katika lita 1,200. Usitumie magadi: yana kaboneti, yatarusha pH juu ghafla na maji yatachafuka tena.

Kwa klorini, ile ya unga ya kalisiamu inayouzwa kwa mabwawa itakuongezea ugumu uleule unaoukimbia. Zile chembe za klorini zenye asidi ya sayanuriki pia ziache. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri zisitumike kwenye jakuzi. Tumia ya maji, haipokloraiti ya sodiamu isiyo na manukato. Ikiwa ya asilimia 3.5, mililita 100 zitatoa kama miligramu 3 kwa lita, na hicho ndicho kiwango cha chini kwa jakuzi. Joto na jua huidhoofisha hata ikiwa chupani, kwa hiyo pima badala ya kukisia. Kamwe usiichanganye na asidi wala klorini ya aina nyingine. Gesi yake huua.

Hapa nakuomba usilegeze, kwa sababu ni afya ya wageni. Bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji vuguvugu, na jeti hurusha matone madogo yanayovutwa hadi mapafuni. Pseudomonas, bakteria mwingine, huleta vipele vinavyowasha. Pima klorini na pH kila asubuhi na tena kabla wageni hawajaingia, na joto lisizidi nyuzi 40.

Kujua lini ubadilishe maji, gawa lita kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Wageni wanne kwa siku ni kama siku 27. Acha klorini iishe kabla ya kumwaga, na umwage mbali na kisima: matumbawe yana matundu, na maji hayo hushuka haraka.