Umeshindwa kesi ya kazi Uingereza af ukaokota ushahidi? Soma hii kwanza

Ile simu ilikuwa kwenye droo ya jikoni, kioo kimepasuka, imelala chini ya chaja mbovu na marisiti. Kesi nishashindwa, siku kumi zimepita tangu hukumu ije kwa imeli, ndo nikaichaji nikakuta meseji ya WhatsApp ya meneja, "sawa, badilishaneni shifti". Yaani shifti ileile walonifukuzia wakisema nimeitoroka! Nikaruka mwenyewe jikoni, nikajua rufaa hii hapa.

Wapi. Nikaenda kwa wakili wa msaada wa bure, mama mmoja mtaratibu, akauliza swali moja tu, simu ilikuwa ya nani? Nikasema yangu. Akavua miwani.

Sasa sikilizeni ndugu zangu mnaofanya kazi za kea, kutunza wazee na wagonjwa, huku. Mahakama ya rufaa za kazi, EAT, haisikilizi kesi upya, inaangalia kama jaji wa kwanza kakosea sheria. Ushahidi mpya wanaupima kwa kesi ya 1954, Ladd v Marshall: usingeweza kuupata kabla hata ungehangaika inavyostahili, unaaminika, na pengine ungegusa hukumu kwa uzito. Meseji yangu kwa hayo mawili ya mwisho haina shida, la kwanza ndo limenimaliza, kwa sababu upya wa ushahidi hauhesabiwi toka siku wewe ulipouona, wanaangalia kama ungeweza kuupata kabla, na simu ilikuwa yangu. Ingekuwa mwajiri ndo kaficha, mi nimeomba rota, ile ratiba ya shifti, akanijibu haipo, hapo ningekuwa na la kusema.

Tena mlango wa kwanza wala sio EAT, ni kumwomba jaji yuleyule aitazame tena hukumu yake, na una siku 14 tu toka hukumu ya maandishi itumwe. Rufaa ni siku 42. Usingoje hilo la kwanza lijibiwe ndo uanze rufaa, siku hazikusubiri, na siku ya mwisho makaratasi yawe yamefika kabla ya saa kumi jioni, ukipitisha hapo inahesabika umeleta kesho yake.

Ushahidi wenyewe uambatanishe, na maelezo umeupata lini, wapi, kwa nini hukuwa nao mwanzo. Mi niliandika ukweli kwamba nilisahau, jaji akakataa bila hata kuniita.

Siku hizi mtu akinipigia kasimamishwa kazi, kabla hajamaliza kulia namwambia kachaji simu zako zote.