Unahamia Linux? Anza na mafaili kwanza

Tangu Microsoft isitishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye steshenari wenzangu hapa Dodoma wananiuliza: hizi mashine tuzifanyeje? Nyingi ni za mezani, za mtumba, na Windows 11 inazikataa kwa sababu inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya zaidi. Fundi ukimwita anakwambia nunua nyingine, au anakupigia Windows ya kuchakachua ambayo hujui imebeba nini. Mimi nasema mashine bado ni nzima, weka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ila usianze nayo.

Anza na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayofanya kazi za Word na Excel, ukiwa bado kwenye Windows yako hiyohiyo. Kinachotufunga kwa Microsoft ni mafaili. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anakuja na ripoti ya utafiti kwenye flashi, ni .docx (faili la Word), anataka uiprinti na kuibaindi kabla msimamizi wake hajaondoka ofisini. Ukiifungua kwenye programu nyingine, namba za kurasa zinahama, jedwali linakatika katikati, na lawama zote unabeba wewe. Muundo wa wazi wa mafaili, ODF, ambao programu yoyote inaweza kuutumia, ulishapitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006; .docx ilikuja na Office 2007 ikauzima, kwa kuwa karibu kila ofisi ilikuwa na Word. Hapo ndipo kampuni kubwa inapotushika mpaka leo.

Dawa ipo, na ni ya bure. Mara nyingi kinachovuruga kurasa ni fonti. Calibri haiji na Linux, wala Times New Roman. Weka Carlito badala ya Calibri na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Herufi zake zimepimwa upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kisha wazoeshe wateja kuleta PDF. Wakishazoea, mashine ikiwa na Windows au Linux hakuna atakayeuliza.

Ukishafika hapo, Linux yenyewe itakulipa kwenye virusi. Flashi zinazopita steshenari zote mnazijua: mteja anafungua, kila folda imegeuka shotikati, anaanza kutetemeka akidhani kazi ya muhula mzima imepotea. Kwenye Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, mafaili yaliyofichwa yanaonekana yenyewe, unayanakili pembeni, unasafisha flashi, unamrudishia vitu vyake. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo hapo hakina cha kufanya. Nimeona watu wakipumua kwa nguvu mbele ya kaunta yangu, na kwa kweli hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipende.

Kuna wanaoniambia vya bure havina mwenyewe. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland. Mwaka 2001 Steve Ballmer, akiwa mkuu wa Microsoft, aliiita kansa. Mwaka 2018 Microsoft hiyohiyo iliinunua GitHub, wanakohifadhi kazi zao waandishi wengi wa programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Hakuna anayetoa fedha kama hizo kwa kitu kisicho na maana. Na sisi tumeshiriki pia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Inaniuma kuona vijana wanaosomea kompyuta hawajawahi hata kuisikia.

Usihamishe mashine zote. Acha moja yenye Windows halali, ya kulipia, kwa wateja wa Publisher (programu ya Microsoft ya kupanga kurasa) na wahasibu wenye programu zisizokubali Linux. Hizo nyingine, kabla hujafuta chochote, ziwashe kwa flashi yenye Linux Mint. Inafanya kazi bila kugusa diski. Ukiwa humo unganisha printa yako, uprinti ukurasa wa pande mbili, uskani kitambulisho, ujaribu na modemu ya intaneti. Printa nyingi za HP zinatambulika zenyewe, lakini baadhi ya Canon za leza zinasumbua. Kama yako inagoma, iache kwenye ile mashine yenye Windows.