Kabla Hujaaga Kundi: Mafunzo kwa Waimbaji Wachanga Kutoka kwa Robbie Williams

Waimbaji vijana wanaokuja kuniomba ushauri wakiwa wamekwisha kuamua kuondoka kwenye kundi lao huanza, karibu wote, kwa kuuliza watumie jina gani na picha za kwanza zipigwe na nani. Maswali hayo yana wakati wake. Hata hivyo, kazi ya kusimamia waimbaji imenifundisha kutanguliza mengine mawili: je, nyimbo utakazoimba zitatoka wapi, na mkataba uliotia saini ukiwa kundini unakuruhusu kufanya nini? Ili kuyaeleza hayo, huwa nawarudisha vijana hao kwenye habari za mwimbaji Robbie Williams wa Uingereza, kwa sababu mambo yake yalipitia chati (orodha za nyimbo zinazouzwa zaidi) na mahakama, na hivyo yanajulikana wazi.

Williams alijiunga na kundi la waimbaji wa kiume la Take That mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 16, akaondoka Julai 1995 wakati kundi hilo likiwa kileleni. Aliyetarajiwa na wengi kung'ara peke yake alikuwa mwenzake Gary Barlow, ambaye ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo zao. Kundi lilipotangaza kuvunjika Februari 1996, matarajio hayo yalielekea kutimia: wimbo wa kwanza wa Barlow ulishika namba moja nchini Uingereza, na albamu yake ya mwaka 1997 ikafanya vivyo hivyo. Williams alianza kwa kurudia wimbo wa George Michael, ukafika namba mbili. Albamu yake ya kwanza, Life Thru a Lens, ilitoka Septemba 1997 na mauzo yake yakawa ya kusuasua, huku kila wimbo uliotolewa kutoka humo ukiishia nafasi ya chini kuliko uliotangulia.

Kilichobadilisha mambo ni wimbo mmoja, Angels, uliotoka Desemba 1997. Ningependa msomaji azingatie kwamba wimbo huo haukufika namba moja. Uliishia namba nne. Ila ulidumu katika chati kwa miezi, watu wakauimba harusini na misibani, nao ukaivuta albamu nzima hadi ikashika namba moja mwaka 1998. Barlow, kwa upande wake, alitoa albamu ya pili mwaka 1999, haikupokelewa vizuri, na kampuni iliyokuwa ikimrekodi ikaachana naye. Jina kubwa ulilolipata kundini litakufungulia mlango mara ya kwanza tu; kuanzia hapo msikilizaji anakuja kwa ajili ya wimbo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Williams alikuwa na sauti, ucheshi wa jukwaani na maneno yaliyotokana na maisha yake mwenyewe, lakini alihitaji mtu wa kuyajengea muziki. Mwaka 1997 alianza kufanya kazi na Guy Chambers, mwanamuziki aliyekuwa amepitia bendi ya World Party, na ushirikiano wao ukazaa karibu nyimbo zote zinazokumbukwa hadi walipoachana mwaka 2002. Ukiwa bado kundini, jichunguze bila kujionea huruma: ni kipi ambacho wenzako wanakifanya nawe unakiona kama chako? Huenda ni sauti ya pili inayokibeba kibwagizo, huenda ni mwenzako anayepanga ala. Mtafute mwenye uwezo huo mapema, mtunge pamoja, kisha muimbe wimbo wenu kwa gitaa au kinanda kimoja mbele ya watu wasiowajua. Wimbo ukichosha bila mapambo ya studio, mapambo hayatauokoa. Mimi simshauri mtu kuondoka kabla hajapata walau nyimbo chache zilizopita mtihani huo.

Kuhusu mikataba, Williams hakuwa huru siku aliyotoka. Ilimbidi apambane ili aachiliwe na kampuni iliyokuwa ikirekodi kundi, na hakusaini na kampuni mpya ya kurekodi, Chrysalis, hadi Juni 1996, karibu mwaka mzima baadaye. Meneja wa zamani wa kundi naye alimshtaki akidai kamisheni, na mahakama ikampa haki meneja. Kwa hiyo mpelekee wakili mkataba wako kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unaondoka, na umwulize mambo matatu: unafungwa kwa muda gani, nani anamiliki rekodi zilizokwisha kutolewa, na meneja ataendelea kukatwa asilimia ngapi na mpaka lini.

Afya nayo isisahaulike, kwani Williams alilazimika kuingia kituo cha tiba ya ulevi na dawa za kulevya mwaka 1997, kabla hata albamu haijatoka. Na wale unaowaacha, waache kwa heshima. Yeye na Barlow walirushiana maneno kwa miaka, kisha mwaka 2010 wakaimba pamoja tena na Williams akashiriki albamu ya Take That iliyotoka mwaka huohuo; miaka ya uhasama haikumnufaisha yeyote kati yao.

Jambo la mwisho linahusu kugawana. Kabla ya Chambers, Williams alikuwa ameanza rasimu ya Angels na mwimbaji mmoja wa Ireland, ambaye baadaye alikubali kulipwa pauni 7,500 ili aachane na madai yake. Wimbo huo ulikuja kuchaguliwa katika tuzo za muziki za Uingereza, Brit, za mwaka 2005 kuwa wimbo bora wa miaka 25 iliyotangulia. Kwa sababu hiyo, siku mnayomaliza kutunga, kabla hamjatoka studio, andikeni kwenye karatasi moja majina ya wote waliochangia na asilimia ya kila mmoja, kila mtu atie saini na abaki na nakala yake, kisha mkausajili wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu kwa mgawanyo huohuo.