Maswali ya Wasomaji: Chujio Ambalo Mapengo Yake ni Mapana Kuliko Seli

SWALI: Ninasomea fani ya maabara mkoani Tabora. Mwalimu wetu alitueleza kwamba vipo vifaa vidogo vinavyotenganisha seli hai za damu kwa ukubwa wake, bila sentrifuji (mashine ya kuizungusha damu kwa kasi) wala kemikali ya kuzitia rangi. Je, chujio lenye matundu madogo kiasi hicho halitaziba mara moja? Na seli zitakazolazimishwa kupita, hazitapasuka?

JIBU: Wasiwasi wako ungekuwa sahihi kabisa kama kifaa hicho kingefanya kazi kama chekeche la unga, ambalo huzuia kila kilicho kikubwa kuliko tundu. Lakini katika mbinu iliyotangazwa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ambayo nadhani ndiyo aliyoikusudia mwalimu wako, mapengo ni mapana kuliko seli zinazotenganishwa, wala hakuna seli inayokusudiwa kuzuiwa. Zote hupita, zinachotofautiana ni mahali zinapotokea upande wa pili.

Kifaa chenyewe mara nyingi ni kipande cha mpira wa silikoni kilichobandikwa juu ya kioo, na ndani yake mna mfereji uliojaa vinguzo visivyoonekana vizuri bila hadubini. Lifikirie shamba la tumbaku ambalo kila mstari wa miche umesogezwa kidogo kuume kuliko mstari uliotangulia, tuseme kwa sehemu moja ya kumi ya umbali kati ya mche na mche. Majimaji yanayopita katika njia nyembamba namna hiyo hayavurugiki. Hutiririka kwa vijito vinavyokwenda sambamba, na katika mfano wetu kila pengo hubeba vijito 10 vyenye kiasi sawa cha maji. Kijito kinachogusa nguzo huwa kipana kuliko vile vya katikati, kwa kuwa maji yaliyo karibu na ukuta huenda polepole.

Hapo ndipo ukubwa unapoanza kuamua. Seli ndogo huenea ndani ya kijito cha kwanza, kile kinachogusa nguzo, hivyo hufuata maji kokote yanakopinda, na mwisho wa safari hutokea karibu pale pale ambapo ingetokea kama nguzo zisingekuwapo. Seli kubwa haiwezi kuenea humo: kitovu chake hakiwezi kuikaribia nguzo kuliko nusu ya upana wake, kwa hiyo husukumwa hadi kijito cha pili, nacho huibeba kuelekea kuume. Kwenye nguzo inayofuata husukumwa tena, na tena, mpaka makundi mawili yanaachana na kuingia katika matundu tofauti ya kutokea. Kwa kanuni ya hesabu inayotumika sana, pengo la maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) lenye usogezo wa moja ya kumi huweka mpaka kati ya seli ndogo na kubwa kwenye kipenyo cha maikromita 4.6 hivi, yaani chini ya nusu ya pengo. Ndiyo maana seli hazibanwi, na zikitoka huwa hai na zinaweza kuoteshwa.

Mpaka huo, hata hivyo, umepigiwa hesabu kwa vitu vya mviringo kama gololi, na damu haina adabu hiyo. Chembechembe nyekundu ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8 lakini unene wa maikromita 2 tu, hivi kwamba ikilala huhesabika kubwa na ikisimama kwa ubavu huhesabika ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliutumia mwenendo huo mwaka 2011 kutenganisha tripanosoma, jamii ya vimelea vya malale, na chembechembe nyekundu: walipunguza kina cha mfereji ili chembechembe hizo zisiweze kusimama. Wewe uliye katika nchi ya mbung'o utaona mara moja faida yake, hasa pale ambapo vimelea ni vichache mno kuonekana katika tone moja la damu.

Kuhusu kuziba, umesema kweli. Vumbi na vidonge vya damu iliyoganda huziba vifaa hivi, na kwa sababu hiyo damu huwekewa dawa ya kuzuia kuganda na mara nyingi huzimuliwa kwanza. Kwangu mimi tatizo kubwa zaidi ni kasi. Kifaa kinachopitisha maikrolita 1 kwa dakika kingehitaji zaidi ya saa 16 kumaliza mililita moja, na hakuna mgonjwa wa kungoja kiasi hicho. Dawa yake ni kuweka mifereji mingi sambamba.

SWALI: Je, kuna kifaa cha namna hii kilichoruhusiwa kutumika kwa wagonjwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kipo cha jamii ya karibu. Mwezi Mei 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu Parsortix, cha kampuni ya ANGLE ya Uingereza, kikusanye seli za saratani zinazozunguka katika damu ya wagonjwa wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Hicho hunasa kweli: seli za saratani, ambazo kwa kawaida ni kubwa na hazinyumbuki kwa urahisi, hukwama kwenye pengo jembamba, na nyingi za damu hupenya. Hakitoi jibu la ugonjwa. Hukusanya seli tu, na kazi ya kuzichunguza hubaki kwa maabara.