Tarehe ya tetemeko haipo

Ssebo, umeuliza kama Wajapani na mitambo yao yote walishindwa kujua lile tetemeko lao la 2011 litapiga lini, basi sisi huku Fort Portal, magharibi mwa Uganda, nani atatuambia. Siku na saa hakuna anayejua, anayekutajia tarehe anakudanganya tu. Wanachoweza ni kupima: bamba la chini ya bahari, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linaingia chini ya lingine, pale yaliposhikana ardhi inajikunja sentimita chache kila mwaka na GPS inaliona hilo, halafu wanachimba mchanga ulioachwa na tsunami za zamani wanajua huko nyuma ilikuwaje. Ndio maana pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada wanajua kubwa la mwisho lilikuwa Januari 1700, mawimbi yakafika mpaka Japani na wenyewe wakaandika. Hapo unapata asilimia ya uwezekano wa tetemeko kwa miaka 30 au 50 ijayo, sio kalenda. Ile alamu ya tetemeko kwenye simu nayo si utabiri, tetemeko limeshaanza, wamenasa wimbi la ardhini lenye kasi na wewe unapata sekunde kadhaa kabla ya lile linalobomoa.

Sisi huku ni bonde la ufa, ardhi inaachana, kwa hiyo tetemeko la ukubwa wa 9 usiliogope, ila lile la hapa Toro 1966 halikufika hata 7 na liliua watu zaidi ya 100. Nyumba yako ina ringi bimu, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta, kuta zote? Anzia hapo bwana, na hilo kabati zito juu ya kitanda cha watoto litoe leo.