Fundi akikuomba nywila, muulize ya kazi gani

Mkuu, umeuliza kama uifute simu yote kabla ya kuipeleka kubadilishwa kioo, kwa sababu picha za familia na mambo ya M-Pesa vimo humo. Usiifute. Mimi ni fundi, nina meza yangu Kariakoo, nakujibu kwa ninayoyaona kila siku.

Kazi nyingi hazihitaji simu ifunguliwe. Kioo, betri, sehemu ya kuchaji: nikimaliza naiwasha, nabonyeza namba palepale pa kuandikia nywila kuona kama kioo kinaitika, nachomeka chaja, basi. Hata kamera kwenye simu nyingi hufunguka bila nywila. Sababu za kweli za kuiomba zipo, mfano maiki inayokata sauti ukipiga simu, au programu zinazojizima zenyewe. Hapo kaa karibu, uwe unafungua wewe. Wateja wengi huniandikia nywila kwenye kikaratasi hata sijaiomba, wanakibandika nyuma ya simu, wanaenda zao sokoni. Meza yenyewe wanapita vijana wa spea, na jirani anayekuja kuazima bisibisi.

Ukiwa na Samsung ya miaka ya karibuni, ingia kwenye mipangilio, upande wa betri na utunzaji wa kifaa, utafute hali ya matengenezo. Simu inajizima na kuwaka kama mpya. Picha na meseji zako hazionekani, mimi napima ninachotaka, na kuirudisha ilivyokuwa kunahitaji nywila yako. Google Pixel nazo zina kitu kama hicho tangu mwishoni mwa 2023. Kwa simu nyingine angalia kama kuna sehemu ya watumiaji wengi, ufungue ya mgeni.

Lakini watu huhangaika na picha wakasahau laini, na laini ndiyo hatari zaidi. Namba za uthibitisho za WhatsApp, barua pepe na benki zinaingia huko. Mtu akikaa na laini yako dakika chache tu anaweza kuifungua WhatsApp yako kwenye simu yake, halafu shangazi zako waanze kupokea "naomba uniazime, jioni narudisha". Toa laini, toa na memori kadi (hiyo mara nyingi inasomeka kwenye simu yoyote), ondoka navyo. Weka PIN ya laini pia: ikihamishiwa simu nyingine inadai PIN, na ukikosea mara 3 inataka PUK, yaani namba ndefu ya kuifungulia laini. WhatsApp nayo iwekee uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa tarakimu 6. Na kama umehifadhi namba ya siri ya M-Pesa kwenye majina ya simu, ukaiita "Mama Pesa" ukidhani umeficha, ifute leo. Tunayaona sana hayo.

Simu ikiwa imezima kabisa au imeingia maji, huwezi kuficha chochote, ila usiogope sana. Android za sasa hufunga data kwa usimbaji, yaani huigeuza kuwa mafumbo yasiyosomeka; hata bodi ikichomolewa, bila nywila picha hazitoki. Ndiyo maana fundi anayekuokolea picha kwenye simu ya namna hiyo akisema anahitaji nywila, huyo anasema kweli. Mwambie ikiwaka akuite uje uiandike mwenyewe.

Ukishaichukua, fungua WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa, kisha akaunti ya Google, orodha ya vifaa. Usichokitambua kiondoe. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini kuthibitisha kwamba fundi alichungulia ni shughuli pevu.

Halafu kwa kioo usikubali simu ilale dukani. Ukiambiwa "njoo kesho", uliza kama spea ipo au inaagizwa. Kama inaagizwa, achukue modeli ya simu na namba yako ya kukupigia, simu uondoke nayo.