Jibu la msomaji: Waanze na uwanja, kaunta baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii: baa ya waendesha pikipiki iliyofungwa muda mrefu hapa Mombasa ikifunguliwa tena, kipi kitengenezwe kwanza? Kwangu ni uwanja wa kuegesha. Rangi na spika zitangoja. Mwenye pikipiki ya kilo 200 hastarehe hata kidogo ikiwa kila dakika anachungulia nje.

Tabu yote ipo kwenye stendi ya pembeni. Hebu inameni muitazame: kile kiwayo kinachogusa ardhi ni kidogo kama kiberiti, na ndicho kinachoegemewa. Kwenye mchanga wetu huzama polepole, pikipiki inazidi kulalia kushoto, mwisho inaanguka, na zikiwa zimebanana moja huzoa mstari mzima. Lami nayo hulainika kwa jua la saa nane. Dawa ni kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, za unene wa milimita 60 juu ya changarawe iliyoshindiliwa barabara, na ukingo wa zege kuzunguka, kwani bila ukingo kabro hutambaa zikaachana. Mchanga wa ufuoni usitiwe kwenye zege lenye nondo: chumvi hula chuma, zege likapasuka. Pesa zikipungua, fundi akate vibamba vya chuma, sentimita 10 kwa 10, vitundikwe langoni kila mtu achukue chake cha kuweka chini ya stendi.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha kuondoa maji ya mvua. Pikipiki ielekezwe upande wa juu, gia namba moja. Ikielekea bondeni, ikisogea mbele kidogo tu stendi hujikunja.

Na jamani, si chini ya minazi! Nazi moja inatosha kubonyeza tangi.

Jiko la mishkaki likae magharibi mwa banda. Kaskazi ikivuma, au kusi, zote hutoka zaidi upande wa mashariki, hivyo cheche zitakwenda mbali na makuti ya paa. Pikipiki nazo zikae mbali na jiko, hasa za kabureta, ambazo huweza kudondosha petroli koki ya tangi isipofungwa.

Maji ya kuoshea yawe matamu, kutoka tangini. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mnyororo ulioshwa kwa maji hayo huota kutu upesi.

Limebaki la funguo, na hili nalisisitiza. Nyuma ya kaunta uwekwe ubao wenye misumari yenye namba. Anayeagiza bia ya kwanza aache ufunguo, na asirudishiwe usiku huo. Aende kwa tuktuk, aje kesho. Tangawizi na madafu baridi viandikwe juu kabisa ya orodha, kwa bei ya chini kuliko bia. Sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, mwisho saa tano usiku. Pikipiki zitakazolala hapo zinahitaji paa, lango la kufuli, mlinzi, na taa inayowaka uwanjani mpaka asubuhi.